Kukopa benki ili kununua hisa: ratiba ya deni na soko lisilo na ratiba

Hoja inayowavuta wengi kukopa benki ili wanunue hisa huelezwa kwa sentensi moja: benki inatoza asilimia 15 kwa mwaka, soko lilipanda kwa asilimia 25 mwaka jana, kwa hiyo anayekopa na kununua hubaki na asilimia 10 juu ya fedha ambazo hata hazikuwa zake. Kutoa 15 katika 25 hakuna kosa. Tatizo ni kwamba namba hizo mbili hazina hadhi sawa. Asilimia 15 imeandikwa katika mkataba, ina tarehe zake, na italipwa hata kama kampuni iliyonunuliwa imefilisika. Asilimia 25 ni habari ya mwaka uliokwisha. Tena deni hudaiwa kila mwezi kwa tarehe ile ile, ilhali soko la hisa halina ratiba kabisa, na kwa maoni yangu hatari kubwa ya mkopo wa aina hii imo katika tofauti hiyo ya ratiba kuliko katika kuchagua kampuni mbaya.

Tuanze na mkopo wenyewe, kwa sababu wanaoujadili huruka haraka kwenda kwenye hisa. Chukua mkopo wa kawaida wa mfanyakazi, unaolipwa kwa makato ya mshahara: 1,000,000 kwa sarafu yoyote, riba ya asilimia 15 kwa mwaka juu ya salio linalopungua, muda wa miezi 36. Rejesho la kila mwezi ni takriban 34,665. Katika rejesho la kwanza, 12,500 ni riba na 22,165 tu ndiyo inayopunguza deni. Mwaka mmoja ukipita mkopaji atakuwa amelipa kama 416,000, lakini bado atadaiwa karibu 715,000. Deni likiisha atakuwa ametoa jumla ya takriban 1,248,000, yaani riba yote ni kama 248,000.

Sasa tuseme benki ya pili inatangaza asilimia 15 ile ile, lakini riba yake inakokotolewa juu ya kiasi chote cha mwanzo kwa miaka yote mitatu, bila kujali kwamba deni linapungua. Riba inakuwa 450,000 na rejesho linapanda hadi 40,278 kwa mwezi. Ukiibadilisha riba hiyo iwe ya salio linalopungua ili uilinganishe na ya benki ya kwanza, utakuta ni karibu asilimia 26 kwa mwaka. Mabango ya benki hizo mbili yanafanana, lakini mwekezaji wa pili anahitaji soko linalokimbia kwa kasi ambayo masoko machache huweza kuidumisha miaka mitatu mfululizo. Kisha kuna ada ya kushughulikia mkopo na bima yake. Zikifika asilimia 3 na kukatwa mwanzoni, mkopaji wa benki ya kwanza anapokea 970,000 huku akilipa kama aliyepokea 1,000,000, na gharama halisi ya mkopo wake inasogea kutoka asilimia 15 hadi karibu 17. Kamisheni ya dalali wa hisa, inayotozwa wakati wa kununua na tena wakati wa kuuza, bado haijahesabiwa. Ndiyo maana jambo la kuomba benki kabla ya kusaini chochote ni jedwali zima la marejesho, mwezi kwa mwezi, pamoja na kiasi kitakachoingia kwenye akaunti kwa hakika. Asilimia iliyo kwenye tangazo peke yake haitoshi kufanyia uamuzi.

Hapa ndipo linapokuja swali ambalo naliona kuwa kiini cha jambo zima: hizo 34,665 za kila mwezi zinatoka wapi? Haziwezi kutoka kwenye hisa, kwa sababu hisa zikiuzwa kidogo kidogo kila mwezi uwekezaji unakwisha kabla haujakomaa. Magawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa wake, nayo hayatoshi hata kwa mbali. Kampuni inayotoa gawio la asilimia 5, ambalo wengi watalihesabu kuwa zuri, italeta 50,000 kwa mwaka kabla ya kodi, mbele ya marejesho ya 416,000. Tena gawio hupendekezwa na bodi na kuidhinishwa na mkutano mkuu wa wanahisa. Mwaka mgumu ukija, ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupunguzwa. Kwa hiyo rejesho linatoka kwenye mshahara, na benki inalijua hilo vizuri kuliko mkopaji. Iliangalia hati ya mshahara wake. Haikuuliza kampuni anayotaka kununua ina faida kiasi gani.

Ikiwa mtu anaweza kutenga 34,665 kila mwezi kwa miezi 36 ili kuilipa benki, basi anaweza pia kuzitenga ili kununua hisa moja kwa moja, bila mkopo. Ulinganisho wa haki ni kati ya njia hizo mbili, zinazotoa fedha zile zile mfukoni kwa tarehe zile zile. Soko likipanda kwa asilimia 10 kila mwaka bila kuyumba, aliyekopa na kununua kwa mkupuo atakuwa na hisa za thamani ya 1,331,000 mwishoni mwa miaka mitatu. Aliyenunua kidogo kidogo kila mwezi atakuwa na takriban 1,439,000. Asiyekopa amemshinda mwenzake kwa zaidi ya 100,000, ingawa soko lilipanda na hakuna aliyekosea. Soko likipanda kwa asilimia 20 kila mwaka, mambo yanageuka: aliyekopa anafikia 1,728,000 na mwenzake anaishia kama 1,648,000. Mpaka kati ya hali hizo mbili uko karibu na asilimia 16 kwa mwaka, ambayo ndiyo riba yenyewe ikihesabiwa pamoja na kujilimbikiza kwake kila mwezi, na kila ada inayoongezwa kwenye mkopo inausukuma juu zaidi.

Kwa kuwa soko halipandi kwa mstari ulionyooka, inabidi kuangalia pia njia linayoipitia. Tuseme bei zinashuka tangu mwezi wa kwanza, zinakaa chini kwa miaka miwili na nusu, kisha zinarudi pale pale zilipoanzia. Aliyekopa atakuwa na hisa za 1,000,000 baada ya kutoa 1,248,000. Mwenzake atakuwa amenunua kila mwezi kwa bei ya chini kuliko ya mwanzo, kwa hiyo thamani ya hisa zake itazidi hizo 1,248,000 alizotoa. Kinyume chake, bei zikiruka mwaka wa kwanza kisha zikatulia, mkopo utakuwa umefanya kazi nzuri. Kwa maneno mengine, kitu pekee ambacho mkopo huu unanunua ni nafasi ya kuingia sokoni leo badala ya kuingia polepole, na riba ndiyo bei ya nafasi hiyo. Anayekopa anaweka dau kwamba miaka iliyo mbele yake moja kwa moja itakuwa bora kuliko kawaida, jambo ambalo hata wanaosimamia mifuko mikubwa ya uwekezaji hushindwa kulitabiri mara kwa mara.

Kuna mtego mdogo hapa unaohusu neno wastani. Hisa iliyopanda asilimia 50 mwaka huu na kushuka asilimia 40 mwaka unaofuata ina wastani wa kupanda asilimia 5 kwa mwaka, na mtangazaji mwenye haraka anaweza kuutaja wastani huo bila kusema uongo. Lakini 1,000,000 iliyowekwa humo imekuwa 1,500,000 kisha 900,000. Riba haina tabia hiyo ya kupanda na kushuka, kwa hiyo kulinganisha riba na wastani wa namna hii ni kuupendelea mkopo tangu mwanzo.

Mpaka hapa tumezungumzia mkopo unaodhaminiwa na mshahara, ambao pamoja na ubaya wake wote una heri moja: kushuka kwa bei ya hisa hakumpi mkopeshaji haki ya kuziuza. Aina ya pili ni ile ambayo hisa zenyewe huwekwa rehani kwa benki au kwa dalali, na humo hatari hubadilika sura. Mwekezaji ana 500,000 zake, anakopa 500,000 nyingine, ananunua hisa za 1,000,000. Bei zikipanda asilimia 30, mtaji wake unakuwa 800,000, faida ya asilimia 60. Zikishuka asilimia 30, hisa zinabaki na thamani ya 700,000, deni ni lile lile 500,000, na mtaji wake umebaki 200,000. Amepoteza asilimia 60 katika soko lililopoteza 30. Mkataba wa aina hii huweka ukomo, mathalani kwamba deni lisizidi asilimia 70 ya thamani ya hisa. Kwa deni la 500,000, ukomo huo unafikiwa hisa zinaposhuka hadi kama 714,000.

Kinachofuata ni ujumbe mfupi, mara nyingi wa mistari mitatu au minne: thamani ya dhamana imeshuka chini ya kiwango, weka kiasi fulani kabla ya muda fulani, la sivyo hisa zitauzwa. Thamani ikiwa imefika 600,000, deni linaloruhusiwa ni 420,000, kwa hiyo mwekezaji anatakiwa kuleta 80,000 taslimu, pengine ndani ya siku moja au mbili, katika wiki ambayo kila mtu aliyekopa kama yeye anatafuta fedha taslimu. Asipozipata, hisa zinauzwa kwa bei ya siku hiyo. Bei zikirudi juu mwezi unaofuata hazimhusu tena. Imani yake kuhusu kampuni inaweza kuwa sahihi kabisa, na bado akawa amepoteza karibu kila kitu, kwa sababu hakuruhusiwa kusubiri.

Hisa za wengi zinapouzwa kwa nguvu siku moja, mauzo hayo hushusha bei, na bei iliyoshuka huwafikisha wengine kwenye ukomo wao. Marekani iliona hilo mwaka 1929. Katika miaka iliyotangulia, mnunuzi aliweza kutoa asilimia 10 hadi 20 tu ya bei ya hisa na kukopeshwa kiasi kilichobaki na dalali, ambaye naye alikuwa amekopa benki. Tarehe 28 na 29 Oktoba kipimo cha bei za hisa cha Dow Jones kilishuka kwa zaidi ya asilimia 11 kila siku, na kilipofika chini kabisa Julai 1932 kilikuwa kimepoteza karibu asilimia 89 ya kilele chake. Kiwango cha Septemba 1929 hakikuonekana tena hadi mwaka 1954. Sheria ya mwaka 1934 iliipa benki kuu ya nchi hiyo mamlaka ya kuweka ukomo wa mikopo ya kununulia hisa, na tangu 1974 mnunuzi hutakiwa kuweka walau nusu ya thamani kutoka mfukoni mwake wakati wa kununua.

Uchina ilipitia jambo lenye umbo hilo hilo mwaka 2015, pale mikopo ya kununulia hisa ilipopita yuani trilioni 2 na kipimo cha soko la Shanghai kikashuka kwa takriban theluthi moja katika wiki chache baada ya kilele cha tarehe 12 Juni. Wala usomi hauzuii. Mfuko wa Long-Term Capital Management, uliokuwa na washindi wawili wa Nobeli ya uchumi ya mwaka 1997 miongoni mwa wabia wake, uliporomoka mwaka uliofuata chini ya uzito wa fedha za kukopa, hadi taasisi 14 za fedha zikachangia takriban dola bilioni 3.6 ili usianguke na wengine.

Watetezi wa mikopo hii husema kwamba mwekezaji makini huchagua kampuni imara na kusubiri. Warren Buffett, ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kwa kutoamini hisa, aliwaandikia wanahisa wake mapema mwaka 2018 akiwaonyesha kwamba hisa za kampuni yake mwenyewe, Berkshire Hathaway, zilikuwa zimeshuka mara nne kwa kati ya asilimia 37 na 59, na akautumia ushahidi huo kupinga ukopaji wa fedha za kununulia hisa. Hiyo ni moja ya kampuni zilizofanikiwa zaidi duniani. Kusubiri nako kunaweza kuwa kurefu kupita mkopo wowote: kipimo cha Nikkei cha soko la Tokyo kilifika 38,915 mwishoni mwa Desemba 1989, na hakikukipita kiwango hicho hadi Februari 2024.

Lipo jambo jingine ambalo hesabu za kwenye karatasi hulificha, nalo ni kwamba mabaya haya yana tabia ya kuja kwa pamoja. Mwaka 2022 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu na sifuri mwezi Machi hadi zaidi ya asilimia 4 ilipofika Desemba, na mwaka huo huo kipimo cha S&P 500 cha soko la hisa la nchi hiyo kilipoteza takriban asilimia 19. Mwenye mkopo wa riba inayobadilika aliona rejesho likipanda na hisa zikishuka katika miezi ile ile, kwa sababu ile ile. Uchumi ukidorora zaidi, mshahara ambao ndio mlipaji halisi wa deni nao unaingia mashakani. Hali ni mbaya zaidi kwa anayekopa ili kununua hisa za kampuni anayoifanyia kazi, jambo linalofanywa na watu wengi kuliko linavyostahili, maana kampuni ikiyumba atapoteza ajira, akiba na uwezo wa kulipa kwa pigo moja.

Haki inataka upande wa pili nao usikilizwe. Ian Ayres na Barry Nalebuff, maprofesa wa Chuo Kikuu cha Yale, wamejenga hoja kwamba kijana mwenye miaka mingi ya mishahara mbele yake ana hisa kidogo mno akiwa mdogo na nyingi mno akikaribia kustaafu, na kwamba kukopa kwa kiasi, hadi kufikia hisa zenye thamani ya mara mbili ya mtaji wake, kunaweza kusawazisha hatari hiyo katika maisha yake yote. Hoja ina uzito. Lakini inategemea mkopo wa riba ndogo kuliko faida inayotarajiwa sokoni na hisa zilizotawanywa katika kampuni nyingi mno, sharti ambalo mkopo wa mshahara wa asilimia 15 au 20 uliowekwa kwenye kampuni mbili au tatu hauwezi kulitimiza. Mahali ambapo riba ni asilimia 3 au 4, mjadala ni wa kweli na watu wazima wenye akili timamu wanaweza kutofautiana. Mahali ambapo riba ina tarakimu mbili, sioni mjadala mkubwa. Mara nyingi serikali ya mahali hapo hulipa riba inayokaribia hiyo kwenye hatifungani zake, yaani hati za mikopo inayoichukua kwa wananchi na taasisi, na anayekubali kupata asilimia 13 bila kulala macho hahitaji kulipa 18 ili atafute 20.

Mikopo ya kununulia hisa zinazouzwa kwa umma kwa mara ya kwanza inahitaji maneno machache ya peke yake, kwa kuwa benki huitangaza kwa bidii wakati wa mauzo hayo. Mtu anakopa 1,000,000 na kuomba hisa za kiasi hicho. Maombi yakizidi hisa zilizopo mara tano, na mgao ukafanywa kwa uwiano, atapewa hisa za 200,000, na 800,000 zitarudishwa baada ya wiki kadhaa. Riba, hata hivyo, imetozwa juu ya 1,000,000 yote. Kwa asilimia 15 na siku 30, hiyo ni kama 12,300, ambayo ikiwekwa juu ya hisa za 200,000 ina maana kwamba bei lazima ipande zaidi ya asilimia 6 siku ya kwanza ili mkopaji awe hajapata hasara, na hapo kamisheni bado. Hisa zenyewe zikiwa hazina wanunuzi wengi, amri ya kuuza inaweza kukaa siku nyingi bila kuguswa.

Baadhi ya benki pia huweka kwenye mkataba kwamba mkopo wa mtu binafsi usitumike kununulia hisa. Anayeandika kwamba anajenga nyumba na kuzipeleka fedha kwa dalali amevunja mkataba tangu siku ya kwanza, na benki ikigundua inaweza kudai deni lote kwa mkupuo.

Kwa aliyekwisha kukopa na hisa zake zimeshuka, bei aliyonunulia haina tena la kumwambia. Linalobaki ni kujiuliza kama leo hii, akiwa na thamani ya hisa hizo kwa taslimu, angezinunua tena huku akiendelea kulipa riba ile. Kama jibu ni hapana, kuuza na kupunguza deni ni uwekezaji wenye faida inayojulikana: kila kiasi kinacholipwa kabla ya wakati kwenye mkopo wa salio linalopungua huacha kutozwa asilimia 15 tangu siku hiyo. Kwenye mkopo ambao riba yake ilikokotolewa juu ya kiasi chote cha mwanzo hali inaweza kuwa tofauti, kwa sababu baadhi ya wakopeshaji hudai sehemu kubwa ya riba iliyosalia hata deni likilipwa mapema, na hapo kuuza kwa hasara huokoa kidogo sana. Maelezo hayo hukaa katika kifungu kinachohusu ulipaji wa kabla ya muda, pamoja na ada yake, na inafaa mkopaji aiombe benki kwa maandishi hesabu ya kulimaliza deni leo kabla hajapeleka amri ya kuuza kwa dalali.